Nimeacha sukari miezi miwili, mbona kipimo cha asubuhi hakishuki?

SWALI

Mshauri, salaam.

Nina miaka 43 na urefu wa sentimita 172. Miezi miwili iliyopita nilipimwa afya kwa ajili ya kazi, majibu yakaja hivi: sukari ya kufunga 6.3 mmol/L, HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) asilimia 6.0, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.4, kolesteroli nzuri (HDL) 0.9, presha 134/86. Uzito ulikuwa kilo 91, kiuno sentimita 104. Daktari akasema sijafikia kisukari, ila mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini na nianze na chakula. Foleni ilikuwa ndefu, maelezo yakaishia hapo.

Nilianza siku ileile. Zamani asubuhi ilikuwa chai na mkate mweupe, na kwa siku nilikunywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko viwili vya chai vya sukari. Sukari hiyo nimeiacha kabisa. Sasa natumia asali, kijiko kimoja cha mezani asubuhi na kimoja jioni. Asubuhi nimeongeza glasi kubwa ya juisi ya matunda ninayosaga na kuchuja mwenyewe, haina hata punje ya sukari. Mkate ni wa kahawia. Wiki tatu hizi usiku sigusi wanga, nakula mboga na nyama au mayai, njaa ikibana natafuna karanga. Mchana wali umebaki vijiko vitatu vinne.

Nimenunua mashine ya kupimia nyumbani. Asubuhi inasoma 6.5, mara 6.7, juzi 6.9. Uzito ni kilo 90, yaani nimejinyima yote hayo kwa kilo moja. Kazi yangu ni ya kukaa, na usiku silali zaidi ya saa tano kwa jumla. Wiki ijayo nimepangiwa kile kipimo cha kunywa glukosi.

Kuna na la mke wangu. Ana kisukari mwaka wa nne sasa, anameza glibenklamidi asubuhi. Tunakula sufuria moja, kwa hiyo naye amepunguza wanga. Jumanne kabla ya chakula cha mchana alitetemeka, jasho likamtoka, nikampima ikawa 3.4. Alikunywa chai ya sukari akapata nafuu.

Ninakosea wapi? Niache wanga moja kwa moja? Na je, ni kweli matunda usiku ni sumu kwa mtu kama mimi?

Msomaji aliyechoka kutobolewa kidole

JIBU

Ndugu msomaji,

Naanza na mkeo, kwa kuwa la kwako linaweza kungoja wiki na la kwake halifai kungoja hata kesho.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni ya kushusha sukari, bila kujali sahani ina nini, na nguvu ya kidonge kimoja yaweza kudumu mchana kutwa na usiku wake. Dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula kiasi fulani cha wanga. Wanga ukipungua na kidonge kikabaki vilevile, insulini inakuwa nyingi kuliko kazi iliyopo, na sukari inaporomoka. Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) tayari ni kushuka kwa sukari, kwa hiyo 3.4 ya Jumanne haikuwa uchovu wala njaa ya kawaida. Leo arudi kwenye kiasi cha wanga alichokuwa anakula kabla, asiruke mlo, na awasiliane na kliniki yake aeleze kilichotokea. Asiache dawa wala kuikata nusu kwa uamuzi wake. Kliniki huenda ikapunguza dozi au kumbadilishia dawa, ndipo apunguze wanga kwa usalama.

Ikimtokea tena: gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, yaani vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Soda zisizo na sukari hazisaidii hapa. Pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, ale mlo wenye wanga, maana kidonge bado kinafanya kazi na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Kwa dawa hii hasa, aliyeshuka sana akapata nafuu bado anahitaji kuangaliwa na wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Akizimia au akishindwa kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, mpeleke hospitali. Onyo la kupunguza wanga kiholela linamhusu pia anayejidunga insulini, na anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo: kwa dawa hizi mbili hatari si kushuka kwa sukari, ni damu kujaa asidi huku mashine ikionyesha namba isiyotisha.

Sasa tuje kwako, na tuanze na hesabu.

Vijiko sita vya chai vya sukari ni kama gramu 24. Hizo umeziacha. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, viwili ni 34. Glasi kubwa ya juisi, tuseme mililita 300, ina karibu gramu 30. Jumla 64. Umetoa 24 kwa mlango wa mbele na kuingiza 64 kwa mlango wa nyuma, tena kwa nia njema kabisa. Shirika la Afya Duniani linahesabu asali na juisi, hata ile uliyokamua mwenyewe, katika fungu moja na sukari ya bakuli, na linashauri fungu hilo lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku: kama gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000, na ikishuka hadi nusu yake ni bora zaidi. Tunda likiwa zima, sukari yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na unalitafuna taratibu. Ulipochuja ulitupa nyuzinyuzi ukabakiza maji ya sukari. Machungwa matatu yanaingia kwenye glasi moja na kuisha kwa dakika moja, ila kuyatafuna yote matatu kwa mkupuo si rahisi.

Mbona basi kipimo cha asubuhi ndicho kinachokaidi? Fikiria unapoamka. Hujala kwa saa nane au zaidi. Sukari iliyomo kwenye damu wakati huo haikutoka kwenye chakula cha usiku, imetengenezwa na ini lako, na hilo ni jambo la lazima, kwa sababu ubongo haulali njaa. Insulini ndiyo inayoliambia ini linatosha, lipunguze. Ini lililojaa mafuta huisikia amri hiyo kwa shida, likaendelea kumwaga glukosi usiku kucha. Alfajiri zinaongezeka homoni za kuamsha mwili, kama kotisoli, nazo zinalisukuma lizidishe. Ndiyo maana unaweza kula mboga na mayai tu usiku na bado ukaamka na 6.7.

Majibu yako yanaelekeza kwenye ini na kitambi. Kiuno cha sentimita 104 kwa urefu wa 172 kimezidi nusu ya urefu, ambayo kwako ni 86. Trigliseridi 2.4 imepita 1.7. HDL 0.9 iko chini ya 1.0. Presha imevuka 130/85, sukari ya kufunga imevuka 5.6. Kati ya dalili tano ambazo madaktari huzihesabu kama kundi la hitilafu za umetaboli (namna mwili unavyotumia chakula), tatu zinatosha kumweka mtu kwenye kundi, wewe unazo zote tano. Chunguza na shingo yako kwa nyuma na kwapani: weusi laini kama mahameli, ule watu wanaousugua kwa sabuni wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni alama ya insulini nyingi kwenye damu.

Fruktosi, ambayo ni karibu nusu ya sukari ya bakuli na sehemu kubwa ya asali na juisi, hushughulikiwa zaidi na ini. Ikija nyingi na kwa kasi, na hasa mwili ukiwa tayari umeshiba nishati, ini huigeuza mafuta. Sehemu hupelekwa kwenye damu kama trigliseridi, sehemu hubaki palepale. Kwa hiyo cha kwanza ni vinywaji: maji, chai na kahawa bila kitu, au maziwa kidogo. Asali iishe, juisi iishe. Hapa sina nusu kwa nusu ya kukupa, kwa sababu hakuna badiliko lingine utakalofanya lenye faida kubwa kiasi hiki kwa maumivu madogo kiasi hiki.

Kuhusu 6.3 ya maabara na 6.9 ya nyumbani, usiyachukue kama kupanda. Kiwango cha kimataifa cha mashine za nyumbani, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu kosa la hadi asilimia 15 kwa namba za ukubwa huu. Mashine ikisoma 6.5, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 5.7 na 7.6, na bado mashine ni nzima. Namba moja ya asubuhi moja haisemi kitu. Pima asubuhi tatu kwa wiki, mashine ileile, andika wastani wa wiki, linganisha wastani na wastani. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kwanza. Kidole kilichoshika asali au kumenya tunda kinaweza kuongeza namba kwa kiasi cha kumtoa mtu jasho, na maji yaliyobaki kidoleni yanaizimua damu. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Maumivu ni madogo zaidi, na kwa jina ulilojipa naona hilo linakuhusu.

Kuna sababu nyingine ya kuongezeka kidogo kwa namba zako, nayo ni zile wiki tatu za kukwepa wanga. Mwili unaopata wanga kidogo hubadili mafuta kuwa kuni zake, na misuli huanza kuikataa glukosi ili iliyopo ibaki kwa ajili ya ubongo. Hali hiyo si ugonjwa na huondoka wanga ukirudi. Shida ni kwamba inaharibu kipimo cha wiki ijayo. Ukienda kunywa glukosi gramu 75 baada ya wiki za wanga kiduchu, misuli na kongosho vitachelewa kuitikia, na namba ya baada ya saa mbili inaweza kutoka juu isivyo haki. Ikifika kati ya 7.8 na 11.0 utaambiwa mwili unashindwa kuhimili glukosi, ikifika 11.1 utaambiwa huenda ni kisukari. Ndiyo maana maelekezo ya kipimo hiki hutaka mtu ale angalau gramu 150 za wanga kila siku kwa siku tatu kabla yake, na sehemu hiyo husahaulika mara nyingi kuliko inavyotajwa.

Gramu 150 zinapatikana hivi: vipande viwili vya mkate asubuhi (30), kikombe kimoja na nusu cha wali uliopikwa mchana (karibu 65), kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva (40), ndizi mbivu moja (karibu 27). Kikombe ni cha mililita 250. Jioni ya siku ya tatu kula kawaida, halafu funga kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji unaruhusiwa. Usivute sigara asubuhi hiyo, na wakati wa kusubiri kaa umetulia. Kutembeatembea nje ya maabara kunashusha namba, na hapo pia jibu linakuwa la uongo, safari hii upande unaoupenda.

Kipimo kikiisha, panga chakula upya. Sahani ya upana wa sentimita 23: nusu iwe mboga zisizo na wanga mwingi (za majani, kabichi, nyanya, bilinganya, maharage machanga ya kijani), robo iwe protini, robo iwe wanga. Robo hiyo ya wali uliopikwa ni karibu kikombe kimoja, gramu 45 za wanga hivi. Vijiko vyako vitatu vinne vya mchana ni vichache mno kwa mtu mwenye mwili wako, na ndivyo vinavyokutia njaa ya karanga usiku. Karanga zenyewe ni chakula kizuri, tatizo ni kipimo: gramu 100 zina kilokalori zipatazo 570. Konzi moja ni gramu 30. Ukitafuna konzi tatu ukiwa umekaa, umekula mlo wa pili wa usiku bila kuuhesabu. Nadhani hapo ndipo kilo zako zimekwama, pamoja na juisi. Pima konzi moja kwenye kibakuli, mfuko urudi kabatini kabla hujakaa.

Kwenye ile robo ya wanga, maharage, dengu, choroko na mbaazi vinashinda karibu kila kitu. Wanga wao uko ndani ya kuta za seli ngumu, tumbo linaufikia polepole, na kikombe kimoja cha dengu zilizoiva kina karibu gramu 15 za nyuzinyuzi. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Nyuzinyuzi zinazofika kwenye utumbo mpana huchachushwa na bakteria kuwa asidi fupi za mafuta, na hizo zinachangia mwili kuisikia insulini. Wengi huanza na bakuli kubwa siku ya kwanza, tumbo likajaa gesi, wakaacha siku ya tatu. Anza na nusu kikombe, ongeza kidogo kila wiki kwa wiki tatu, na maji ya kunywa yaongezeke. Loweka kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa maji mapya.

Mkate wa kahawia usikudanganye kwa rangi. Mwingine ni unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Soma lebo: kiungo cha kwanza kiwe ngano nzima, na nyuzinyuzi zifike gramu 6 kwa kila gramu 100. Hata ngano nzima ikisagwa laini sana inageuka sukari kwa kasi inayokaribia mkate mweupe, kwa hiyo mkate wenye punje zinazoonekana, au oti zilizobanwa badala ya zile za kumwagia maji ya moto tu, ni afadhali.

Mpangilio wa kula nao una kazi. Anza na mboga na protini, wanga uje mwisho, dakika kumi baadaye hivi. Majaribio madogo kwa watu wenye kisukari yameonyesha sukari ya baada ya mlo inapanda kwa kiasi kidogo hivyo kuliko wanga ukitangulia, kwa chakula kilekile na kiasi kilekile. Mafuta na protini huchelewesha tumbo kumimina chakula kwenye utumbo. Siki pia hufanya kitu cha namna hiyo, ila kwa udogo: kijiko kimoja cha mezani kwenye kachumbari kinatosha, na kuinywa kavu ni kuharibu meno na koo bure.

Mafuta ya kupikia watu huyasahau wakihangaika na wanga. Nchini Sweden, watafiti wa Uppsala waliwalisha watu keki za ziada kwa wiki saba, kundi moja zikiwa na mafuta ya mawese, jingine mafuta ya alizeti; matokeo yalichapishwa 2014. Makundi yote yaliongezeka uzito uleule, lakini mafuta ya ini yalipanda zaidi kwa waliokula ya mawese, yenye mafuta mazito mengi. Kwa hiyo alizeti, zeituni, kanola au soya viwe vya kawaida; siagi, samli na ngozi ya kuku viwe vya nadra. Bado pima kwa kijiko, maana kijiko cha mezani cha mafuta yoyote ni karibu kilokalori 120. Samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki. Soseji na nyama za viwandani zipungue sana.

Umeuliza kama uache wanga moja kwa moja. Jibu langu ni hapana, si kwa sababu njia hiyo haifanyi kazi. Inafanya, kwa anayeiweza. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa, wengine wakala mafuta kidogo, wengine wanga kidogo, kwa mwaka mzima. Wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa na wale mboga kwa wingi. Wastani wa kilo zilizopungua ulikuwa 5.3 kwa wa kwanza na 6.0 kwa wa pili, tofauti isiyo na uzito, na kiwango cha insulini ambacho kila mmoja alianza nacho hakikuweza kubashiri nani angefaidika na njia ipi. Chagua utakayoiweza mwezi wa nane. Wewe wiki ya tatu tayari unakesha na karanga, kwa hiyo wanga wa wastani wenye nyuzinyuzi unakufaa zaidi. Ukichagua wanga mdogo hata hivyo, pima kolesteroli ya LDL (ile mbaya) baada ya miezi mitatu. Kwa baadhi ya watu hupanda sana, hasa wakijaza pengo kwa siagi na nyama nono.

Lengo la uzito ni asilimia 7, kwako kilo 6.4, kwa miezi sita. Sijaichomoa hewani. Mpango wa Kuzuia Kisukari wa Marekani, uliochapisha matokeo yake 2002, uliwafuatilia watu 3,234 wenye hali kama yako. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kidonge cha kisukari, kwa asilimia 31. Ini ndilo linaloanza kupungua mafuta, kabla hata nguo hazijalegea. Mwaka 2011 timu ya Newcastle, Uingereza, iliwapa watu wenye kisukari kilokalori 600 tu kwa siku. Ndani ya siku saba mafuta ya ini yalishuka kwa asilimia 30 na sukari ya kufunga ikawa ya kawaida. Usijaribu hilo nyumbani, lilikuwa chini ya uangalizi, na ukilijaribu mkeo atalifuata. Upungufu wa kilokalori 500 kwa siku unatosha. Kutoa juisi, asali na konzi mbili za karanga pekee kunakaribia 600.

Misuli ndiyo ghala kubwa la glukosi baada ya mlo, na ikijikunja hufungua milango yake ya glukosi bila kusubiri insulini. Tembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya kila mlo mkuu, kwanza kabisa ule wa jioni, kwa mwendo wa kuweza kuongea ila usiweze kuimba. Siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta au sakafu, kuvuta mzigo, kila zoezi raundi tatu za mara 8 hadi 12. Manufaa ya zoezi moja hudumu siku moja hadi mbili, hivyo usipitishe siku mbili mfululizo bila kitu.

Usingizi wa saa tano unakula faida ya yote haya. Siku chache tu za kulala pungufu zinashusha usikivu wa mwili kwa insulini, na kesho yake njaa ya vitamu inaongezeka. Anza kwa kuongeza dakika 30, na mlo wa jioni uishe muda wa saa tatu kabla ya kulala, kwani usiku mwili hushughulikia wanga vibaya kuliko asubuhi.

Rudia HbA1c, trigliseridi na presha baada ya miezi mitatu, si kabla. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na kipimo hicho husoma zilizopo zote, za zamani na mpya. Kama una upungufu wa damu au selimundu, mwambie daktari, kwa kuwa HbA1c inaweza kudanganya. Kiuno pima kila wiki mbili, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukimaliza kutoa pumzi bila kuvuta tumbo. Trigliseridi ndizo huwa za kwanza kushuka mtu akiacha vinywaji vitamu. Kiuno na trigliseridi vikigoma, pamoja na sukari, uliza kuhusu metformini. Kiu kali, mkojo wa mara kwa mara na kukonda bila kujitahidi havisubiri miezi mitatu.

Na matunda usiku: si sumu. Usiku mwili hushughulikia wanga vibaya kuliko asubuhi, kama nilivyosema, ila haugeuzi chungwa kuwa kitu kingine. Kula tunda zima, ukubwa wa ngumi yako, mara mbili kwa siku, baada ya mlo badala ya tumbo tupu. Ukitaka kujua lipi linakupandisha, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, tunda moja kwa jaribio, siku mbili tofauti kila moja. Likikuacha chini ya 7.8, libaki kwenye orodha yako. Embe na zabibu anza na nusu ya kiasi hicho.